Sarafu Ndani ya Beseni

Mimi sitoi bakshishi. Anayenijua hapa Bariadi analijua hilo, na asiyenijua huambiwa mapema asije akasubiri bure. Nikila, nalipa bei ya chakula. Nikishushiwa mzigo, nalipa tulichopatana kabla mzigo haujaguswa. Hela ya juu, ile wanayoiita ya soda, ya maji, ya vocha, mimi niliiona ni rushwa iliyovaa shati safi. Mtu ana kazi yake na ana bosi wake. Nimlipe mara ya pili kwa kosa gani?

Ndivyo nilivyokuwa nasema, na nilikuwa na hadithi ya kuyasindikiza maneno hayo. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, na kwa kila kijana aliyekuja dukani kwangu kuomba kazi. Niliishia darasa la nne. Nikiwa na miaka kama kumi na tisa nilikuwa kuli kwenye kinu cha pamba huko Maswa, nabeba marobota. Asubuhi moja, mvua imetoka kunyesha, mnunuzi mmoja mwenye gari akaniita nimbebee magunia yake mawili. Nikabeba, nikayapanga vizuri. Akaingia ndani ya gari, akatoa sarafu ya shilingi tano, zile kubwa za zamani, akaitupa miguuni kwangu kwenye tope huku anapandisha kioo. Miaka ile shilingi tano ilikuwa hela. Sikuinama. Nilimtazama mpaka gari likapotea. Makuli wenzangu wakaniita mwehu. Nikaapa pale pale kwamba sitainamia hela ya mtu, na mtu hatainamia hela yangu.

Hapo watu hupiga makofi. Hadithi huwa naikatia hapo.

Kiangazi kilichopita binti yangu alikuja likizo. Yeye ni mhudumu kwenye hoteli ya watalii huko Arusha, na katika watoto wangu wote ndiye pekee anayenijibu. Nilikuwa na mzigo wa majembe ya plau unaotoka Mwanza, nikaenda naye Lamadi kuupokea. Mzigo ukachelewa. Tukaingia kwenye mgahawa mmoja kando ya barabara kula samaki.

Mwanamke wa kunawisha alikuja na jagi na beseni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Beseni lake lilikuwa la bati jeupe, rangi imebanduka ukingoni. Aliliweka juu ya stuli mbele yangu.

"Mwadila, bhabha," alinisalimu, salamu yetu ya mchana.

"Mwadila, mayu. Samaki wa leo au wa juzi?"

"Wa leo. Wa juzi aliliwa na mzee mwenzako, bado amelala kule nyuma."

Binti yangu akacheka. Hata mimi nilicheka. Nikajua kwa matamshi kwamba huyu ni wa upande wa kwetu, Kasoli, na nilipomuuliza akakubali. Tukanawa, tukala. Sato alikuwa mzuri, sina la kusema.

Tulipomaliza akarudi na maji. Akaanza kunimiminia. Binti yangu akasema, "Baba, mpe dada hata jero."

"Ya nini? Maji haya si ya ziwa? Na ziwa si la Mungu?"

"Baba, watu unawaambia binti yako amejenga. Unadhani ni mshahara? Mshahara unaishia kwenye kodi na nauli. Nimejenga kwa hizo hizo. Mgeni akinyanyuka mezani, naangalia chini ya sahani kabla sijamwambia kwaheri."

"Kwa hiyo unaokota."

"Naokota. Na nikishaokota nakutumia ya dawa ya presha. Hiyo hujawahi kuirudisha."

Yule mwanamke aliangalia pembeni, anajifanya hasikii. Nikaingiza mkono wa kushoto mfukoni mwa shati, nikatoa sarafu ya mia tano, nikaihamishia mkono wa kulia uliokuwa bado unatiririka maji. Na hapo ndipo kosa lilipotokea. Kumpa mtu hela mkononi, jicho kwa jicho, mkono wangu haukujua inafanywaje. Ulinyooka juu ya beseni ukafunguka wenyewe. Sarafu ikatumbukia.

Haukuwa mlio mkubwa. Lakini mwanamke aliacha kumimina. Jagi likabaki limeinama mkononi mwake. Mwenye mgahawa, mama mmoja mnene aliyekuwa anakaanga samaki mlangoni, akageuka akatutazama, mwiko juu.

Mwanamke akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma, "Bhabha, nani amekufa?"

Nieleze hapa, maana si Wasukuma wote wanaofanya hivi. Kwetu sisi, ukoo wetu na koo chache za jirani pale Kasoli, watu wakirudi makaburini hawaingii uani hivi hivi. Mwanamke wa nyumba hiyo husimama langoni na beseni na jagi. Kila mtu ananawa. Aliye damu ya marehemu, akishanawa, anadondosha sarafu ndani ya maji. Ni malipo ya mwisho kwa aliyekufa, kama kumwambia umenihudumia vya kutosha, sasa pumzika, usinifuate. Kisha maji yale na sarafu zake humwagwa njiani, na hakuna anayeziokota. Sarafu haidondoshwi ndani ya maji ya kunawa siku nyingine yoyote. Ukiidondosha kwenye beseni la mtu asiye na msiba, umembandika kifo chako aende nacho nyumbani kwake. Wazee walisema dawa yake ni moja: aliyedondosha aitoe kwa mkono ule ule, na amtaje maiti wake.

Nilikuwa sijaifikiria desturi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mkono ulikuwa unaikumbuka.

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Hiyo ni ya soda."

"Ya soda haiwekwi humo."

"Sasa imewekwa. Itoe, kanunue soda."

"Siwezi kuitoa mimi, na wewe unajua." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Bhabha, nina mtoto wodini. Leo siku ya nne, homa haishuki. Nimemwacha na mama yangu nikaja kufanya zamu ili nipate ya dawa. Nakuomba. Ingiza mkono, mtaje wa kwako, nirudi kwa mwanangu."

Watu wa meza nyingine walikuwa wameacha kula. Wote walikuwa wananitazama mimi, mzee mwenye duka, mwenye gari lake pale nje, wakingoja niingize mkono kwenye maji machafu kutafuta sarafu. Nikaiona ile sarafu ya Maswa. Nikasimama.

"Mimi ni Mkatoliki," nikasema. "Mambo hayo tuliyazika pamoja na mababu."

"Baba," binti yangu akasema, "ingiza mkono."

"Ingia kwenye gari."

Aliingia baada ya muda mrefu. Nilimwona kwenye kioo anaongea na yule mwanamke, wameinamiana. Majembe sikuyangoja tena, tukarudi. Njia nzima nilikuwa najifuta mkono wa kulia kwenye suruali. Nilijifuta mpaka tunaingia Bariadi, na bado niliusikia umelowa.

Binti yangu alirudi Arusha kesho yake. Siku ya tatu tangu tutoke Lamadi, saa sita mchana, jua limesimama utosini, nilikuwa nimekaa mlangoni pa duka nikamwona mwanamke ng'ambo ya barabara. Alisimama kwenye ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga, kanga imemfunika kichwa, beseni jeupe ubavuni, kwenye nyonga ya kushoto, na jagi mkono wa kulia. Uso sikuuona. Hakuita wala hakuvuka. Nikasema moyoni, amenifuata mpaka hapa kunitia aibu. Nikaingia ndani.

Kesho yake saa ile ile alikuwepo. Pale ni njia ya watu wengi, mikokoteni, bodaboda, wanaobeba magunia. Walipita alipokuwa bila kumkwepa na bila kumgonga. Hilo sikulipenda. Nikavaa viatu nikatoka kumwambia ukweli wake. Kati yangu na yeye likapita lori la pamba, nyuzi nyeupe zinaruka nyuma yake kama manyoya ya kuku. Lori lilipomaliza kupita, ukutani hapakuwa na mtu. Mwenye mashine alikuwa amekaa pale pale kwenye ngazi yake.

"Yule mama wa beseni ameelekea wapi?" nikamuuliza.

"Mama yupi, mzee wangu?"

"Aliyesimama hapa pembeni yako."

Akaniangalia kwa heshima, kama anavyoangaliwa mtu mwenye homa. "Mzee wangu, kanywe maji."

Siku zilizofuata nilikaa nimeupa mlango mgongo. Mteja mmoja alikuja kununua pampu ya kupulizia dawa ya pamba. Nilipompa chenji akaipokea, akajifuta kiganja kwenye shati. "Mzee, ukinawa uwe unajikausha," akasema, anacheka. Nilikuwa sijanawa.

Jioni hiyo binti yangu akapiga simu. Hakusalimu sana.

"Umeshaenda Lamadi?"

"Niende kufanya nini? Yule mwanamke mwenyewe kila siku anakuja kunisimamia dukani na beseni lake."

Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Baba," akasema, "siku ile nilichukua namba yake. Naongea naye kila siku. Hajatoka wodini tangu tulipomwacha. Usiku analala chini ya kitanda cha mtoto. Na kazini ameondolewa, wateja walioona siku ile wamesema hawataki kunawishwa naye." Kisha akauliza, "Huko dukani anasimama nani?"

Nikakata simu. Kitu kilichonishika si cha kuandika. Niseme tu kwamba nililala na taa inawaka, mimi niliyekuwa nawacheka wanaofanya hivyo.

Siku ya kumi nikaendesha gari mpaka Lamadi. Mbele ya mgahawa palikuwa na ndoo ya plastiki yenye koki, watu wananawa wenyewe. Mwenye mgahawa aliponiona hakunikaribisha chakula.

"Umekuja kuchukua chako?" akauliza.

"Kiko wapi?"

"Pale pale ulipokitia. Nani angethubutu kuyamwaga?"

Akanipeleka nyuma ya jiko. Beseni lilikuwa limewekwa juu ya mawe matatu, limefunikwa kwa ungo. Vumbi la siku kumi lilikuwa limejaa juu ya ungo. Mama yule alimtuma mtu wodini, akaniacha nimesimama peke yangu na lile beseni. Kuku wa pale uani walikuwa wanapekua kila mahali. Karibu na yale mawe matatu hapakuwa na alama hata moja ya mguu wa kuku.

Mwanamke akaja. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Hakunisalimu, na ilikuwa haki yake.

"Mtoto?" nikauliza.

"Anapumua."

Akafunua ungo. Maji yalikuwa mengi kama siku ile, na maangavu. Jua la Lamadi linakausha dagaa kwa asubuhi moja, lakini maji yale hayakuwa yamepungua hata kidole. Sarafu ilionekana chini, imelala chali.

"Nikuulize kwanza," nikamwambia. "Wewe hulibebi beseni kwa nyonga?"

"Kwa nyonga? Nikilibana nyongani nitamiminaje? Si nitamlowesha mteja? Ndiyo maana natumia stuli."

Nilijua atajibu hivyo. Katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu aliyenawisha watu beseni likiwa kwenye nyonga ya kushoto na jagi mkono wa kulia, na tone halidondoki. Alikuwa ananawisha wageni wa baba yangu, wanaume kumi kwa mpigo, huku anaongea nao.

Nikakunja mkono wa shati, nikaingiza mkono.

Lile beseni lilikuwa na kina cha shibiri moja. Sisemi kwamba lilikuwa na kina zaidi. Nasema nilichokisikia mkononi. Maji yalikuwa ya baridi kama ya kisimani. Kiganja kiliingia, kifundo kikaingia, na sarafu niliyokuwa naiona kwa macho sikuigusa. Nikazidi kushuka. Maji yakafika karibu na kiwiko. Halafu vidole vikagusa tope. Tope zito, la mfinyanzi, lile la mvua ya asubuhi. Nililijua. Nimelikanyaga miaka mitatu.

"Mtaje," mwanamke akasema.

Basi nikamaliza ile hadithi ambayo huwa naikatia njiani. Niliimalizia pale nyuma ya jiko, mkono uko majini, wanawake wawili wananisikiliza.

Asubuhi ile niliacha sarafu kwenye tope. Saa sita mchana wa siku ile ile alifika mtu wa kwetu kwa baiskeli, akanitafuta kinuni, akaniambia mama yangu amefariki usiku, anazikwa kesho. Malipo yetu yalikuwa mwisho wa wiki. Sikuwa na senti. Basi la kwenda kwetu lilikuwa chini ya shilingi tano. Nilirudi mbio pale gari lilipokuwa limesimama. Nilipiga magoti. Nilipekua lile tope kwa mikono yote miwili mbele ya makuli wote, tangu saa sita mpaka jua likaelekea kuzama. Ilikuwa imeshaokotwa. Kukopa sikukopa, maana walikuwa wameniona asubuhi najivuna, na nisingeweza kuwatazama. Mama akazikwa bila mimi.

Nilikwenda nyumbani baada ya miezi minne, nimevaa viatu vipya. Nilisimama langoni nikisubiri mtu aniletee beseni. Shangazi yangu alitoka, akanitazama viatu, akasema, "Maji yalishamwagwa." Akarudi ndani. Sikunawa siku ile, wala siku nyingine.

"Ni mama yangu," nikasema. "Niliyemdondoshea ni mama yangu."

Vidole vikafunga. Sarafu ilikuwa ndani yake. Nikatoa mkono, na maji yalikuwa yamelowesha mpaka kifundo tu, hapo juu pakavu kabisa. Lakini chini ya kucha zangu palikuwa na tope.

Mwanamke akabeba beseni kwa mikono miwili akaenda kuyamwaga yale maji njiani. Alitembea pole pole kama aliyebeba mtoto aliyelala. Akarudi, akachota mengine safi, akaweka beseni juu ya stuli, akaninawisha. Nilipomaliza nikajifuta, na mkono ukakauka. Nilikuwa nimesahau mkono mkavu ulivyo mwepesi.

Nikatoa noti. Nikaishika kwa mikono miwili, nikamtazama usoni, nikamkabidhi mkononi mwake. Sikufa.

"Hii ya nini?" akauliza.

"Ya kuninawisha."

Akaitazama. "Umenawa mara mbili, bhabha. Ile ya kwanza hukulipa."

Nikaongeza nyingine. Akaipokea kwa mikono miwili naye, akapiga goti kidogo. "Wabeja," akanishukuru. Mwenye mgahawa alikuwa anasikiliza. Kabla sijaondoka alimwambia arudi kazini mtoto akitoka.

Mtoto alitoka wiki iliyofuata. Madaktari walikuwa wamembadilishia dawa. Mimi sisemi zaidi ya hapo.

Ilibaki sarafu. Kuitumia sikuweza, na kuikalia nyumbani sikutaka. Nikampigia binti yangu, nikamweleza yote, hata ile sehemu ya kupiga magoti. Sikuwa nimemwambia hata mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nakuja."

Alishuka kwenye basi kesho kutwa yake. Nikamuuliza, "Nauli umepata wapi, na mwezi uko katikati?"

"Chini ya sahani, baba."

Nikalipokea begi lake, nikalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Tukaenda Kasoli asubuhi, tumebeba beseni, jagi na dumu la maji. Pale palipokuwa na mji wa baba yangu sasa ni shamba la pamba la watu wengine, wameshavuna, wameng'oa miti yake wakaikusanya mafungu. Lango halipo. Ipo minyaa miwili mizee iliyokuwa nguzo zake, na kaburi liko nyuma yake, limebaki tuta dogo. Nikaenda kaburini peke yangu nikakaa kidogo. Tulichoongea ni chetu.

Nilipogeuka kurudi, binti yangu alikuwa amesimama kati ya ile minyaa miwili akinisubiri. Kanga ameitupia kichwani kwa ajili ya jua. Beseni lilikuwa kwenye nyonga ya kushoto, jagi mkono wa kulia, na maji yamejaa mpaka ukingoni bila tone kudondoka. Mama yangu alikufa miaka mingi kabla ya binti huyu kuzaliwa. Hotelini kwao Arusha wanabeba sinia. Na katika yote niliyomweleza kwenye simu, habari ya nyonga sikuitaja.

Nilitaka kumuuliza nani kamfundisha.

"Njoo unawe," akasema.

Nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili, sarafu iko kiganjani.